Kusokota si Kusuka: Kuzielewa Riwaya za Mapenzi Zenye Nyakati Mbili

Dada mmoja katika kundi letu la wasomaji alinunua kitabu cha mtumba barabarani, akasoma kurasa kadhaa, kisha akatutumia ujumbe wa sauti wenye hasira. Kitabu, alisema, kimefungwa vibaya huko kiwandani. Alikuwa anafuata habari za mwanamke wa Kimarekani na sanduku lake jijini Cairo mwaka 1997, ghafla akajikuta ndani ya shajara ya mwanamke wa Kiingereza ya mwaka 1900. Akavumilia, akarudishwa 1997. Hajakaa sawa, huyo Mwingereza tena. "Wamechanganya kurasa za vitabu viwili," alisema. "Kesho namrudishia mwenyewe."

Kitabu kilikuwa The Map of Love cha mwandishi wa Misri Ahdaf Soueif, kilichotoka mwaka 1999 na kufika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Hakikuwa na kasoro yoyote. Lakini mabishano yaliyofuata ndiyo yaliyonikalisha kuandika makala hii. Mmoja alisema hiyo ni mbinu rejeshi tu, tumeisoma shuleni. Wa pili akasema ni hadithi za watu kusafiri katika wakati, kama ile tamthilia ya Uskoti. Wa tatu, mwalimu mstaafu ambaye huwa hatumpingi ovyo, akasema mambo hayo ni ya Wazungu na sisi hayatuhusu. Kwa heshima zote, Mwalimu, safari hii wote watatu mmekosea.

Tuanze na majina. Kwetu "riwaya ya mapenzi" ni jina pana: kitabu chochote ambacho moyo wa mtu ndio unaosukuma mambo. Kwa wachapishaji wa Marekani na Uingereza jina hilo lina masharti yake. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kimeweka mawili: penzi liwe kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Mmoja akifa na mwenzake akabaki analia, kwa hesabu yao hicho si kitabu cha mapenzi, hata kama wapenzi wamebusiana kila ukurasa. Shikilia sharti hili la pili, maana tutalihitaji mbele.

"Nyakati mbili" nako si kugumu. Kuna visa viwili, kimoja cha leo au cha karibu na leo, kingine cha zamani. Watu ni tofauti, kila kisa kina mwanzo wake na mashaka yake, na vinasimuliwa kwa zamu. Waliosoma Kiswahili sekondari Tanzania wanakumbuka daftari la fasihi: muundo wa moja kwa moja, yaani msago, muundo rejea, na muundo rukia, ambao visa hurukiana, kimoja kikiachwa kabla hakijaisha ili kingine kiendelee, mpaka mahali fulani vikutane. Hicho cha tatu ndicho tunachokizungumzia. Jina tunalo siku zote, ila tuliliacha kwenye chumba cha mtihani.

Kwa nini si mbinu rejeshi? Fikiria bibi yuko jikoni anakoroga uji. Harufu ya iliki inampeleka kwenye harusi yake, anaikumbuka kwa kurasa tatu, uji unataka kufurika, anarudi. Hiyo ni rejeshi, au kisengerenyuma kama wengine wanavyoiita. Mtu ni yuleyule, kichwa ni kilekile, na yaliyopita tunayaona kwa macho yake ya leo. Katika muundo rukia yule mwanamke wa 1900 hakumbukwi na mtu. Anaishi. Kwake yeye 1900 ndiyo leo, na kesho yake haijui, kama wewe usivyoijua yako.

Na kusafiri katika wakati? Katika Outlander ya Diana Gabaldon, iliyotoka 1991 na baadaye kuwa ile tamthilia, nesi Claire wa mwaka 1945 anapita kwenye duara la mawe ya kale huko Uskoti na kuibukia mwaka 1743. Mtu mmoja, kwa mwili wake, amevuka. Riwaya ya nyakati mbili haina mwili unaovuka. Zipo za katikati, kama Lady of Hay ya Barbara Erskine ya mwaka 1986, ambamo mwandishi wa habari wa London analazwa usingizi wa kitaalamu na kuyaishi maisha ya mwanamke wa karne ya 12, lakini hizo tuziache wapenzi wa mizimu wagombane nazo.

Wala usichanganye na riwaya ya kihistoria ya kawaida. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni kisa cha mapenzi na siasa katika Zanzibar ya ukoloni. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, na sisi tunabaki nao huko huko hadi mwisho. Hakuna mjukuu wa leo anayefungua droo na kukuta picha.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mpangilio wa matukio katika hadithi sisi tunauita msuko, na neno hilo linabeba somo zima. Muulize yeyote anayesuka nywele barazani. Ukiwa na mafungu mawili ya nywele utayasokota tu, na ukiyaachia yanafumuka. Kusuka kunataka mafungu matatu: la kulia lipite juu ya la kati, la kushoto lipite juu ya la kati, na kila mara la kati liwe jingine. Riwaya za nyakati mbili ni hivyo hivyo. Fungu la kwanza ni leo. La pili ni zamani. La tatu, ambalo wasomaji wengi hawalioni na waandishi wavivu hawaliweki, ni kile kinachopita mkono kwa mkono kutoka kule hadi huku: kasha, barua, nyumba, jina, damu, deni, aibu. Bila fungu hilo mwandishi amesokota hadithi mbili, na zinamfumukia mkononi.

Turudi kwenye kitabu cha dada yetu. Isabel Parkman, Mmarekani, anakuta sanduku la zamani katika vitu vya mama yake. Ndani mna makaratasi, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiarabu ambacho hakisomi. Analibeba hadi Cairo kwa Amal, dada wa mwanamume ambaye Isabel anampenda. Amal anaanza kusoma, na kadiri anavyosoma ndivyo Anna Winterbourne anavyoinuka kutoka kwenye karatasi: mjane wa Kiingereza aliyekwenda Misri mwaka 1900, nchi ikiwa chini ya mkono wa Lord Cromer, mwakilishi wa Uingereza, akampenda Mmisri mzalendo, Sharif Basha al-Baroudi. Kuna pia kazi ya kufuma ya Anna. Imetengenezwa vipande vitatu, na kimoja hakipo. Msomaji anaanza kukitafuta hicho kipande bila hata kujua kwamba anakitafuta. Baadaye inajulikana kwamba Isabel ni wa uzao wa Anna, na Amal ni wa uzao wa dada yake Sharif, kwa hiyo sanduku lile halikuokotwa na mgeni. Ni urithi uliochelewa njiani karibu miaka mia, na aliyeupokea hawezi kuusoma bila ya ndugu asiyemjua.

Hapo ndipo pana kipimo ninachokitumia mwenyewe. Chukua kitabu, chomoa sura zote za leo. Kama kisa cha zamani kimebaki kizima hakina jeraha, basi sura za leo zilikuwa pambo. Kwa kipimo hiki vitabu vingi vinaanguka. Unaijua ile ya msichana aliyeachwa na mchumba, anarithi nyumba ya bibi kando ya bahari, anapanda darini, anakuta bahasha, na fundi wa kurekebisha paa kwa bahati ni kijana mtanashati asiye na mke. Nimesoma za aina hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Sura za zamani huwa na vita, meli na ndoa za lazima. Za leo huwa na kahawa.

Lakini fungu la tatu peke yake halitoshi kukufanya ukose usingizi. Kinachokuvuta ni tofauti ya maarifa: nani anajua nini, na lini. Mtu wa zamani anajua moyoni mwake kilichotokea lakini hajui kitaishia wapi. Mtu wa leo anajua kilikoishia, maana makaburi yapo na majina yameandikwa, lakini hajui kilichotokea. Wewe msomaji umekaa ghorofani unawaona wote wawili, mmoja kila upande wa ukuta, wanagonga mahali tofauti.

Mfano bora ninaoujua ni Possession ya A. S. Byatt, iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1990. Ambaye hajaisoma na anataka kuisoma aruke aya hii na inayofuata, sitaki lawama. Wanazuoni wawili Waingereza, Roland Michell na Maud Bailey, wanafuatilia siri ya washairi wawili wa karne ya 19, Randolph Henry Ash, mume wa mtu, na Christabel LaMotte. Inaanza na rasimu za barua ambazo Roland anazikuta ndani ya kitabu cha kale maktabani na, aibu yake, anazitia mfukoni. Barua zaidi zinapatikana zimefichwa katika kitanda cha mwanasesere. Mwishowe kaburi linafukuliwa usiku wa dhoruba, na miongoni mwa vilivyozikwa kuna nywele. Wanazuoni wanahitimisha kwamba nywele ni za Christabel, na kwamba Ash alikufa bila kujua kuwa alizaa naye mtoto wa kike. Mtoto huyo ndiye bibi yake Maud wa vizazi vya nyuma. Faili limefungwa.

Halafu Byatt anaongeza kurasa chache za mwaka 1868. Ash yuko kondeni, anakutana na msichana mdogo, anamtazama, anamtambua. Wanaongea. Anaondoka na fungu la nywele za mtoto, na anampa ujumbe ampelekee "shangazi" yake, ambaye kumbe ndiye mama. Mtoto anarudi nyumbani, njiani anakutana na kaka zake, wanacheza, anausahau ujumbe. Haukufika kamwe. Tukio hili halikuandikwa katika barua yoyote, kwa hiyo hakuna mwanazuoni atakayelijua. Unalijua wewe peke yako. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikakaa tu, maana nilikuwa nimeelewa kwa nini kulihitajika nyakati mbili: kisa kimoja kisingeweza kukifanya kile.

Sasa, kwa nini mapenzi? Mbona muundo huu umeshikana na wapenzi kuliko, tuseme, wafugaji wa kuku? Sababu ya kwanza ni vizuizi. Penzi la hadithini linaishi kwa kuzuiwa, na leo katika miji mingi kizuizi kikubwa ni mtu kutojibu ujumbe. Zamani kulikuwa na dini, rangi, baba, sultani, sheria, bahari ya miezi. Mwandishi anakwenda zamani kutafuta ukuta imara. Sababu ya pili inatokana na lile sharti nililokuambia ulishikilie. Msomaji wa riwaya za mapenzi ameahidiwa mwisho mwema, lakini historia haikumwahidi mtu chochote. Sharif wa Soueif anauawa kabla hajazeeka na Anna. Muundo wa nyakati mbili unampa mwandishi njia ya kulipa madeni yote mawili. Wa zamani wafe, watengane, wapotezane. Wa leo ndio watakaokaa pamoja. Baadhi ya wahakiki wanaona huo ni ujanja wa bei rahisi. Mimi naona unategemea: kama wa leo wamepewa furaha yao kwa sababu wameelewa kitu kilichowashinda wa zamani, umelipa, kama wamepewa tu kwa kuwa kurasa zimekwisha, umekopa.

Mwalimu wetu mstaafu, na lile la "ya Wazungu". Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2021 wengi wetu tulianza kuvitafuta vitabu vyake. Kimoja, Desertion cha mwaka 2005, kinaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Alfajiri, Hassanali mwenye duka anakwenda msikitini, anakutana na Mzungu aliyechoka hata kusimama hawezi. Ni Martin Pearce. Anamchukua nyumbani, na huko yuko dada yake, Rehana. Penzi linazaliwa, na katikati yake msimulizi anajitokeza na kutukatiza. Sura yenyewe jina lake ni hilo, kukatiza. Kisha tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, na ndugu wawili, Amin na Rashid. Amin anampenda Jamila. Wazazi wanakataa kabisa, kwa sababu ya mambo ya bibi yake Jamila. Bibi huyo ni Rehana.

Wasomaji kadhaa wameniuliza kwa nini Gurnah "ameacha kisa cha kwanza njiani". Kwa sababu anayesimulia ni Rashid, na Rashid hakuwepo. Anakiri kwamba hajui hasa penzi lile lilianzaje, anawaza tu. Kwa vipimo vya daftari la fasihi kitabu hiki si rukia kamili, maana visa vimewekwa kwa vitalu badala ya zamu za sura kwa sura, na kwa vipimo vya wachapishaji wa Marekani si cha mapenzi, maana hakimwachi mtu akitabasamu. Lakini tazama fungu la tatu. Hakuna kasha, hakuna barua. Kinachopita kutoka 1899 hadi miaka ya 1950 ni maneno ya watu. Aibu iliyonong'onwa barazani kwa miaka hamsini inamvunja kijana ambaye hakuwa amezaliwa. Nani aliyekulia pwani atasema hilo halimhusu?

Dhana nyingine inayosumbua ni kwamba historia iliyomo humo ni ya kweli yote, au ni ya uongo yote. Katika The Map of Love Cromer ni mtu wa kweli. Mkasa wa Denshawai wa mwaka 1906 ni wa kweli pia: maafisa wa Kiingereza walikwenda kuwinda njiwa kijijini, ugomvi ukazuka, na wanakijiji wanne wakanyongwa. Anna na Sharif hawakuwahi kuishi. Katika Possession ni kinyume kidogo: Byatt aliwabuni washairi wake na kuwatungia hata mashairi, kwa hiyo ukienda maktaba kutafuta diwani ya Ash utarudi mikono mitupu. Mwandishi makini huazima kalenda, bei na sheria, kisha moyo akaubuni. Ukimkuta amebuni kalenda ili moyo upite kwa urahisi, mshuku.

Na wale wanaosema zinachanganya? Zinachanganya mtu anayepuuza vichwa vya sura. Mwaka na mji mara nyingi vimeandikwa hapo juu, na dada yetu alikuwa anaviruka kama tunavyoruka dibaji. Usijaribu dawa niliyoijaribu mimi, ya kusoma sura za zamani zote kwanza halafu za leo. Siri ziliniishia mapema, na sura za leo zikawa kama kuangalia mpira uliochezwa jana.

Linaloniuma ni kwamba malighafi ya hadithi hizi tunayo sisi kupita kiasi. Kabla shule za misheni na za kikoloni hazijaeneza herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mjukuu wa leo akifungua kasha la bibi, lile la misumari ya shaba lenye vidroo vya siri, atakuta barua iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe na asiweze kuisoma. Akiipeleka kwa mtu aliyesoma chuo cha Kurani, mambo hayajaisha. Kiarabu kina alama za irabu tatu, Kiswahili kina irabu tano. Katika uandishi wa kale i na e hugawana alama, na u na o vilevile. "Kuoa" na "kuua" yanaweza kuandikwa sawasawa. Barua inasema bwana amekwenda Lamu kuoa, au amekwenda Lamu kuua? Riwaya nzima inaweza kusimama juu ya irabu hiyo moja, na mwandishi wa London hawezi kuipata hata akilala ndani ya maktaba.

Tarehe nayo. Barua ikisema 1317, kijana atadhani ameshika hazina ya miaka mia saba, mpaka mtu amwambie kwamba ni mwaka wa Hijria, na kwamba mwaka huo ulianza Mei 1899. Fedha inayotajwa ni rupia, ambayo Kenya na Tanganyika shilingi iliichukulia nafasi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Chini ya barua kuna kanga yenye maneno "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina la Mombasa lililoanza mwaka 1887. Na kanga ina jina lake, na jina la kanga ni ujumbe. Alikuwa anaambiwa nani? Mke mwenza? Jirani? Yule wa Lamu?

Hata lugha yenyewe inatusaidia. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kusimulia leo kwa -na-, na zamani kwa mnyororo wa -ka-: akashuka, akamwona, akanyamaza. Msomaji atajua yuko wapi kabla hajaona mwaka. Anaweza kumpa wa zamani Kiamu au Kimvita na wa leo Kiswahili cha simu.

Tuchukue kisa kimoja cha kweli tuone kingesukwaje. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, jambo lisilotakiwa kwa binti wa kasri. Akiwa mtu mzima akapendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1866, akiwa na mimba, aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko akabatizwa Emily, wakaoana mwaka 1867, wakaenda Ujerumani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi. Aliitembelea Zanzibar mwaka 1885 na tena 1888, bila kupata urithi aliodai, na akafa mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Njia mbaya ni hii: msichana wa leo amekaa hotelini Mji Mkongwe anasoma kumbukumbu za Salme, zilizochapishwa mwaka 1886, huku mhudumu mzuri anamletea juisi ya ukwaju. Chomoa msichana, hakuna kinachopungua. Njia bora inaanzia kwenye pengo. Kumbukumbu zile zinaeleza utoto, kasri na vyakula kwa kirefu, lakini penzi linapitiwa kwa ufupi mno, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe. Hapo ndipo pa kuingia. Fungu la tatu lipo tayari, ni mchanga. Nani aliuchota, mwaka gani, kwa mkono wa nani? Kama ni 1885, aliurudia baada ya miaka kumi na tisa. Kama ni 1866, aliondoka akijua kwamba hatarudi. Mtu wa leo angekuwa nani? Ningemweka nesi wa Kizanzibari katika nyumba ya wazee Hamburg, aliyepewa na mgonjwa kifuko cha nguo na hajui ni cha nini. Na kwa kuwa Salme alikuwa mtu kweli, na ana uzao, nisingemtia maneno ya mahaba mdomoni. Ningemwacha apite nyuma ya pazia, na penzi la zamani nimpe mtumishi aliyekuwa anapeleka ujumbe, ambaye historia haikuandika hata jina lake.

Kwa nini basi hadithi zetu pendwa haziendi njia hii? Nadhani ni kwa sababu ya mahali zilipokulia. Zilikulia magazetini, kila juma kipande, chini yake "itaendelea", na leo zimehamia Facebook na WhatsApp kwa mtindo uleule. Aliyekosa sehemu ya sita lazima aielewe ya saba. Kwa hadithi ya msago hilo linawezekana. Ukirukia mwaka 1899 siku ya Jumatatu na yeye alikosa Ijumaa, umempoteza, na atakuandikia kwenye maoni kwamba umechanganya hadithi mbili.

Dada yetu hakukirudisha kitabu. Wiki mbili alikuwa kimya kwenye kundi, ambalo si jambo la kawaida kwake. Halafu juzi, saa nane usiku, ikaingia sauti yake, ya chini kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mwenziwe: "Kile kipande cha tatu. Nimeona kilikotokea. Mwalimu asiambiwe, na yeye akisome."